Siku Malewa Ilipofika Madhabahuni

Aibu hii haina tena pa kujificha, kwa hiyo naisimulia mwenyewe. Hapa Likasi, kuanzia Kikula hadi Panda, ukitaja jina la Mama Josée utaambiwa, aa, yule aliyemwandikia mtumishi wa Mungu kwamba bibi ya pasta analewa, na watu watacheka mbele yako, na mmoja atajitolea hata kukuonyesha lango la nyumba yangu. Basi wacheke. Lakini wacheke kwa habari iliyonyooka, maana kila anayeisimulia anaongeza chumvi yake, na wiki hii nimesikia sokoni kwamba mlevi mwenyewe nilikuwa mimi, mimi ambaye hata kwenye harusi naomba Fanta na kuimaliza kwa kijiko cha keki.

Nyuma ya nyumba yangu iko nyumba ndogo ya vyumba viwili. Mwanangu mkubwa alikuwa anakaa humo kabla hajahamia Lubumbashi. Alipoondoka nikaipaka rangi, nikashona mapazia, nikaweka mapipa mawili ya maji (maji ya bomba kwetu yana siku zake, hayakuulizi), nikaanza kuipangisha kwa wageni: watu wanaokuja harusini, watu wa Lubumbashi wanaotaka siku mbili za kupumua na kwenda kula samaki kwenye ziwa la Tshangalele. Na kila mgeni, hata mfuko hajaweka chini, anauliza, mama, huku tutakula wapi, na kuna nini cha kuona. Nikachoka kujibu. Nikaandika karatasi ya mahali pa kula na mahali pa kutembea, kwa Kifaransa, nikaipeleka wakaivika plastiki, nikaitundika nyuma ya mlango. Wageni wote waliisifu, na mimi nikaanza kujiona mtu wa utalii.

Ndipo pasta wetu akaniita baada ya ibada. Akasema kanisa linapokea mwalimu kutoka Tanzania, Mwalimu Elisha na mke wake Neema, wanakuja kufundisha semina ya familia kwa wiki nzima, na wanataka mahali pa utulivu. Kama wakiondoka kwangu wameridhika, basi kuanzia sasa wageni wote wa kanisa watalala kwangu, wa mwaka huu na wa miaka yote. Sikulala vizuri siku zilizofuata kwa furaha. Nilikuwa nimeshaona akilini mwangu wachungaji wa nchi tano wamepanga foleni kwenye lango langu.

Asubuhi ya siku yao ya kufika, nikiwa natandika kitanda, macho yangu yakaangukia ile karatasi ya Kifaransa. Watanzania na Kifaransa wapi na wapi. Hapo ningeweza kungoja wafike, nikawaeleza kwa mdomo, dakika tano, tumemaliza. Hapana. Niliamua kuiandika upya kwa Kiswahili, tena si Kiswahili chetu cha minye na weye tunachosemea nyumbani, bali kile cha Biblia, ambacho nimekisoma tangu utoto na ambacho, kwa akili yangu, nakijua kuliko Watanzania wenyewe. Nikakaa mezani na kalamu, nikaanza na neno “Tazama”, na kuanzia hapo hakuna mtu angeweza kunizuia.

Sasa nisikilizeni vizuri, hasa nyinyi msio wa kwetu, kwa sababu mambo yote yako hapa. Kwetu malewa ni mahali pa kula pa watu wa kawaida: mama mmoja, turubai, mabenchi, masufuria ya bukari (ndiyo ugali), sombe ya majani ya muhogo na samaki, unakula, unanawa, unakwenda kazini. Pombe hakuna. Na kwetu bibi ni mke, bibi ya fulani ni mke wa fulani, basi. Kwamba Mtanzania akisoma “malewa” atafikiri kulewa, na akisoma “bibi” atafikiri mama mzaa baba, hilo nililijua baadaye, pamoja na mji mzima.

Karatasi yangu ilisema hivi (bado ninayo, sikuitupa, kwa nini niitupe): “Tazama, wageni wapendwa, mahali pa kula. Kwanza kabisa ni malewa ya Mama Béa, karibu na soko. Naam, wageni wetu wote huanza malewa asubuhi na mapema. Hata bibi ya mchungaji wetu huenda malewa kila Jumamosi, wala hajawahi kujuta. Mahali pa kutembea: ziwa la Tshangalele, ambako kando ya maji mtakuta malewa nyingi. Kapolowe, misheni ya zamani, mahali pa amani, na nyuma yake malewa mbili nzuri. Kakontwe, machimbo ya mawe meupe, yatazameni kwa mbali kwa sababu ya vumbi, na kwa bahati mbaya huko sijaona malewa.”

Niliisoma mara tatu kwa sauti. Niliipenda mno.

Wageni wakafika, watu wazuri, wapole, mama Neema ananiamkia kwa magoti mpaka nikaona haya. Nikawaonyesha vyumba, nikawaonyesha maji, nikawaonyesha karatasi kwa mkono wazi kama anayezindua kitu. Mwalimu Elisha akaisoma. Akaisoma tena. Akamtazama mke wake, mke wake naye akasoma, kisha wakashukuru kwa sauti ya chini na kusema wanaomba kupumzika. Nikajiambia Kiswahili changu kimewashtua kwa uzuri.

Siku ya pili nikaona hawatoki kwenda kula. Siku ya tatu vilevile. Nikiwauliza kama wamefika kwa Mama Béa, mwalimu anasema, “Tunashukuru mama, tumeridhika hivi hivi,” na mimi ninapofagia uani naona maganda ya ndizi na karatasi za mkate, basi. Mtu mwingine angeuliza. Mimi sikuuliza, mimi nilielewa: hawa ni watu wa rohoni, wanafunga kwa ajili ya semina yetu. Nikalia kidogo hata. Nikakimbia kwa pasta kumwambia, naye akagusika, na jioni ile akatangaza mbele ya kanisa lote kwamba watumishi hawa hawali kwa ajili yetu. Akina mama waliokuwa wamepangwa kuwaletea chakula kuanzia kesho yake wakaambiwa waache, wasiwe kikwazo. Watu wakapiga makofi. Mwalimu Elisha alisimama pale mbele anatabasamu kwa shida, na leo namwelewa, maana mtu ukishapigiwa makofi kwa kufunga utaanzia wapi kuomba sahani.

Alhamisi nikawapeleka kutembea, kwa gari la kukodi, Kapolowe kwanza, kisha ziwani. Kapolowe walifurahi, wakapiga picha ya misheni. Lakini nilipowaambia kwa furaha, haya, twende sasa kwenye zile malewa za nyuma, mama Neema akashika mkono wa mume wake na kusema kichwa kinamuuma. Tshangalele hali ilikuwa mbaya zaidi. Akina mama wa kando ya ziwa walikuwa wanakaanga samaki, harufu inakuja yenyewe hadi kwenye gari, na mimi (sijui shetani gani alinituma) nikateremka nikanunua wangu mkubwa na bukari, nikala mbele yao nikiwaomba radhi kwa kuwa mimi sina imani kama yao. Mama Neema alitazama yule samaki tangu kichwa hadi mkia. Nilimwona anameza mate na nikamstahi zaidi.

Kwenye njia ya kurudi mwalimu akanigeukia taratibu, akauliza juu ya bibi wa mchungaji, kama ni mzee sana. Nikacheka, nikamwambia si mzee hata, ana nguvu zake, anatembea kwa miguu hadi kwa Mama Béa.

“Na anakwenda peke yake?”

“Peke yake,” nikasema. “Anapendaka kukaa kule ndani, nyuma ya rido, bantu basimuone.”

Alipoelewa kwamba rido ni pazia, akatikisa kichwa kwa muda mrefu na kusema Mungu amsaidie. Nikaitikia amina. (Mnacheka. Ningekuwa nyinyi ningecheka pia. Lakini niambieni, katika maneno yale ni lipi lilikuwa la uongo?)

Jumapili, siku ya mwisho, kanisa lilijaa hadi kwenye madirisha. Mimi nilikaa mstari wa pili na kitambaa kipya kichwani, mwenye wageni. Mbele yangu alikaa Mama Pasta, mke wa pasta wetu. Nataka mumjue: mwanamke wa heshima, mrefu, sauti ya upole, aliyeshinda na sisi katika misiba yetu yote. Miezi mitatu kabla ya hapo alikuwa ameanzisha mfungo wa akina mama wa kila Jumamosi, hakuna kuweka kitu mdomoni hadi jua lizame, na alikuwa anatufundisha kwamba mwanamke anayeshindwa na tumbo lake atashindwa na kila kitu. Mimi nina vidonda vya tumbo, daktari alinikataza, kwa hiyo mfungo ule ulikuwa unapita pembeni yangu. Nilijua Jumamosi ni ya kufunga. Nilijua pia Mama Pasta anaonekana kwa Mama Béa Jumamosi, tangu miaka mingi. Mambo haya mawili yalikaa kichwani mwangu katika vyumba tofauti, na hadi siku ile hayakuwahi kukutana.

Mwalimu Elisha alihubiri juu ya pombe ndani ya familia. Alihubiri vizuri, alikuwa amekonda kidogo na sauti ilikuwa na uzito. Mwishoni akafunga Biblia, akasema:

“Ndugu zangu, kuna jambo limeniumiza wiki nzima. Nimeandikiwa, na nimethibitishiwa kwa mdomo, kwamba bibi wa mchungaji wenu anakwenda kulewa kila Jumamosi. Sisemi ili kumwaibisha. Nasema tumwombee.”

Yeye alikuwa anamwonea huruma kikongwe mmoja asiyemjua. Lakini kanisa lilisikia kwa Kiswahili cha Likasi: bibi ya pasta, mke, yule aliyekaa pale mbele na kitambaa cheupe. Sijawahi kusikia watu mia kadhaa wakinyamaza kwa mara moja hivyo. Mtoto mmoja alikuwa analia, naye akaacha. Pasta alisimama nusu, akakaa. Mama Pasta hakugeuka, ila niliona shingo yake inakaza.

Na mimi hapo ndipo nilipoelewa yote kwa mpigo, karatasi, ndizi, samaki, Mungu amsaidie. Mngefanyaje nyinyi? Mngekaa? Jina la mwanamke asiye na kosa linachafuliwa mbele yangu kwa maandishi ya mkono wangu, nikae? Nikasimama. Nasema hadi leo nilifanya vizuri kusimama, ubaya ulikuwa katika kufungua mdomo.

“Pasta, bandugu, pardon,” nikasema. “Ile ni kosa yangu. Mama Pasta hanywake pombe hata kidogo. Malewa njo kule tunakulaka. Yeye anaendaka tu kwa Mama Béa kula bukari yake, kila siku ya posho.”

Siku ya posho ndiyo Jumamosi. Nilipotamka neno lile ndipo vile vyumba viwili vya kichwani vikafunguana mlango.

Hewa ikabadilika. Kwanza watu wakapumua, kumbe ni chakula tu, asante Yesu. Kisha nikaona akina mama wa mfungo, mmoja baada ya mwingine, wanaanza kuhesabu siku kwenye vidole. Ningeweza bado kusema nimekosea, si Jumamosi, ni Ijumaa. Nilikuwa natafuta uongo ule mdomoni mwangu wakati Mama Béa mwenyewe, ambaye hukaa mstari wa nyuma na hapendi ugomvi, aliposimama kunisaidia.

“Njo vile, pasta,” akasema kwa moyo wake wote. “Hata ile ya jana alikuya. Tena aliomba nimuongeze sombe.”

Kicheko kilianzia upande wa wanaume. Kikapita kwa vijana, kikafika kwa kwaya, na hata wale akina mama waliokuwa wameshinda na njaa Jumamosi kumi na mbili, wengine wanacheka, wengine machozi ya hasira yanawatoka. Mwalimu Elisha alikuwa anamuuliza shemasi kwa kunong'ona, malewa ni nini, na bibi ni nani. Pasta akamtazama mke wake, akauliza polepole, na kipaza sauti kilikuwa bado wazi mkononi mwake:

“Samedi? Donc ile samedi ya kufunga?”

Mama Pasta akasimama, akachukua mfuko wake, akatoka kwa mlango wa pembeni, amenyooka vilevile.

Baada ya ibada mama Neema alinishika mikono nje. Alipoelewa kwamba malewa ni kile wanachokiita kwao kwa mama lishe, alicheka hadi akakaa kwenye ngazi, kisha akauliza kama ni mbali. Nikawapeleka. Mama Béa aliwaandalia yeye mwenyewe, na mwalimu Elisha alikula bukari mbili na samaki wawili bila kuinua kichwa, kisha akanawa na kusema kwa adabu kwamba katika karatasi yangu yote jambo moja nililoliandika kwa usahihi ni lile la kutojuta. Waliondoka siku iliyofuata, tumeagana vizuri, na hadi leo mama Neema ananiandikia.

Lakini kanisa halikumaliza. Jumanne nikaitwa mbele ya kamati ya akina mama. Mama Pasta alikaa kwenye kona. Walitaka mambo mawili: niombe radhi kwa kuandika jina la mke wa mchungaji, na niifute malewa kwenye karatasi yangu, maana, walisema, wageni wa Mungu hawawezi kuelekezwa kwenye mabenchi ya kando ya barabara, na aibu yote imetokea huko. Nikisha kufanya hayo, wageni wataendelea kulala kwangu.

La kwanza nililifanya palepale, nikapiga magoti, sikuona ugumu. La pili nililikataa. Niliwaambia aibu haikutokea kwa Mama Béa, ilitokea katika kalamu yangu na katika kinywa changu. Kwa Mama Béa kuna masufuria safi na mwanamke anayeamka kabla yetu sote, na wao wenyewe nawaona pale kila siku isipokuwa siku ile moja, na hata siku ile moja sina uhakika. (Maneno haya ya mwisho labda ningeyaacha. Sikuyaacha.) Mwenyekiti akafunga daftari lake, akasema basi, tumekusikia, na mimi nikajua nimepoteza wachungaji wangu wa nchi tano.

Nilikuwa nimeshafika kwenye lango la kanisa niliposikia hatua nyuma yangu. Mama Pasta. Nikafikiri amekuja kunitukana, na nilikuwa tayari, nilikuwa na maneno. Akasimama karibu, akanitazama na macho yaliyochoka.

“Mama Josée, ungeacha tu baseme nilikunywa. Mulevi, bantu banamuombeaka. Minye sasa bananicheka.”

Kisha akarudi ndani, na mfungo wa Jumamosi ukaendelea wiki ile na wiki zilizofuata, bila yeye. Hajakanyaga tena kwa Mama Béa. Nasikia Jumamosi anajifungia nyumbani na hali chakula kabisa, hata jua likizama.

Hilo ndilo linaloniuma, si kicheko cha sokoni. Wageni wa kanisa wanalala pengine siku hizi, na mimi napokea watu wangu wa harusi. Karatasi mpya iko nyuma ya mlango, malewa ya Mama Béa ni ya kwanza, kwa herufi kubwa, na atakayekuja kuniambia niifute aje na chakula chake. Kumwonyesha mtu mwenye njaa mahali pa kula sitaomba radhi, si kwa kamati wala kwa askofu. Ila nimeapa, na mnishuhudie: nitamwambia mgeni kilichoko kwenye sufuria, nitamwambia benchi liko wapi na bukari inaiva saa ngapi, lakini nani anakula pale, siku gani, na kwa nini amekaa nyuma ya pazia, hayo hayatatoka tena katika mkono wangu wala katika mdomo huu.